Kidato cha Sita Kando ya Njia ya Misafara: Kikomo cha Elimu ya Sekondari Tabora, kutoka Utawala wa Waingereza hadi Tume ya Makweta

Tarakimu 176

Katika andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa Machi 1967, Julius Nyerere alitaja hesabu ambayo tangu wakati huo imerudiwa na watafiti wengi wa historia ya elimu nchini. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, shule za sekondari zilikuwa na wanafunzi 11,832, na kati yao 176 tu ndio waliokuwa kidato cha sita. Miaka sita baadaye wanafunzi wa sekondari walikuwa wamefikia 25,000, na wale wa kidato cha sita 830. Kwa kawaida tarakimu hizi hutumiwa kuthibitisha kwamba ukoloni uliwanyima Waafrika elimu na kwamba dola huru iliirekebisha dhuluma hiyo kwa kasi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, na imewafanya watafiti wengi wasiulize maswali mawili yaliyomo ndani ya tarakimu zenyewe.

Swali la kwanza ni la uwiano. Wakati jumla ya wanafunzi wa sekondari iliongezeka mara mbili na ziada kidogo, wale wa kidato cha sita waliongezeka karibu mara tano. Kutoka pungufu ya wanafunzi 2 katika kila 100, walifika zaidi kidogo ya 3. Dola changa, yenye watoto wengi ambao hata darasa la tano hawakulifikia, iliamua kupanua kwanza sehemu ya juu kabisa ya ngazi. Swali la pili ni la umri wa darasa lenyewe. Kidato cha tano na cha sita vilianza kufundishwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, tena katika shule chache. Kwa hiyo tarakimu 176 inapima darasa ambalo lilikuwa na miaka michache tu tangu lizaliwe. Kabla ya hapo miaka miwili ya mwisho ya sekondari kwa mtindo wa Kiingereza haikuwapo katika shule za Waafrika nchini. Ilikuwa mahali pengine, na kuipata kulihitaji safari.

Makala hii inafuatilia safari hiyo kutokea Tabora. Mji huo umechaguliwa kwa sababu shule yake ya serikali ndiyo iliyotajwa kwa muda mrefu kuwa kilele cha elimu ya Mwafrika wa Tanganyika, na kwa sababu kilele hicho, kikitazamwa kwa karibu, kilikuwa kimekatwa. Hoja inayojengwa ni kwamba kuanzishwa kwa kidato cha sita kulihamisha lango zaidi ya kulivyoongeza masomo. Lango lilitoka Kampala likaletwa nyumbani, lakini ufunguo ulibaki Cambridge hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mji wa njia panda

Tabora haikuwa pembezoni kabla ya kuja kwa Waingereza. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na pwani, na wafanyabiashara kutoka Oman na Unguja walikuwa wamekwisha kujenga tembe zao Kaze, katika himaya ya Unyanyembe, pale Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 na kupokewa na Snay bin Amir. Kutoka hapo njia iligawanyika: mkono mmoja ulikwenda magharibi hadi Ujiji, mwingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, mwaka 1872, wakati vita vya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe vikiendelea. Wajerumani walipata upinzani mkali kwa Mtemi Isike, ambaye mwaka 1893, boma lake lilipovunjwa, aliamua kujilipua kwa baruti badala ya kukamatwa.

Mambo haya yanajulikana na hayahitaji kurudiwa kwa kirefu. La kukumbukwa kwa ajili ya hoja hii ni kwamba tawala zilizofuata ziliifuata njia ile ile. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji Septemba 1916. Mwaka 1928 tawi la reli lilifika Mwanza, na Tabora ikawa njia panda kwa mara ya pili, safari hii ya garimoshi. Shule ya bweni iliyokusudiwa kukusanya vijana kutoka nchi nzima isingeweza kuwekwa mahali panapofaa zaidi. Kijana wa Ziwa alishuka na reli ya Mwanza, wa Kigoma alikuja kutoka magharibi, wa pwani na nyanda za kati alikuja kutoka mashariki, na wote walikutana katika stesheni moja.

Shule ya wana wa watemi

Shule ya Serikali ya Tabora iliundwa katikati ya miaka ya 1920 kwa kusudi lililotangazwa wazi: kuwaandaa wana wa machifu kutawala. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliujenga utawala wake juu ya mamlaka za wenyeji, na mamlaka hizo zilihitaji watemi wanaoweza kusoma barua, kutunza hesabu ya kodi na kusikiliza kesi kwa maandishi. Ndiyo sababu shule ilipewa mabweni, viranja na michezo, mambo yaliyoigwa kutoka shule za bweni za Uingereza. Kutokana na mwigo huo wapo walioiita Eton ya Tanganyika.

Jina hilo limewapotosha wengi, na lafaa kupimwa. Katika shule za Uingereza mfumo wa viranja ulikuwa umeshikamana na darasa la sita. Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi kifo chake mwaka 1842, alilifanya darasa la sita kuwa nguzo ya nidhamu ya shule. Wanafunzi wake wakubwa walishiriki mamlaka ya mwalimu kwa sababu walikuwa wamekaribia mwisho wa masomo na mlango wa Oxford au Cambridge. Tabora ilipewa viranja bila ya kupewa darasa la sita. Ilipewa umbo la mamlaka bila ya elimu ambayo mamlaka hayo, kule yalikotoka, yalidaiwa kusimama juu yake. Mwana wa mtemi alifundishwa kuongoza bweni, akapewa ujuzi wa kumtosha karani, kisha akarudishwa kwao. Kwa mtazamo wa Cameron hilo halikuwa kasoro. Utawala wake uliogopa kumzalisha msomi asiye na mahali katika baraza la mtemi, na mfano wa India ulitajwa mara kwa mara katika mijadala ya maofisa wa makoloni wa wakati huo.

Mpango huo haukudumu kama ulivyokusudiwa. Katika miaka ya 1930 shule iliwapokea vijana kwa kigezo cha ufaulu zaidi na zaidi, na nasaba ikarudi nyuma. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote unaonyesha vigezo vyote viwili kwa mtu mmoja. Nyerere aliyeingia Tabora mwaka 1937 alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, lakini kilichomfikisha pale ni matokeo yake katika shule ya Mwisenge, Musoma. Waandishi wa wasifu wake husimulia kwamba aliyapinga marupurupu ya viranja, ambao walipata zaidi ya wenzao, na kwamba baadaye yeye mwenyewe alifanywa kiranja. Kisa hicho hupendwa kwa sababu ya kile alichokuja kuwa. Kwa mwanahistoria wa elimu kina faida nyingine: kinaonyesha kwamba wanafunzi wenyewe waliona kuwa cheo kile hakikuwa na msingi wa kitaaluma.

Orodha ya waliopita Tabora katika miongo hiyo ni ndefu: Adam Sapi Mkwawa, Abdallah Fundikira aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe, Vedast Kyaruzi, Hamza Mwapachu, Rashidi Kawawa, Oscar Kambona. Orodha hii husomwa kama ushahidi wa ubora wa shule. Ni ushahidi pia wa uchache wa shule. Nchi isiyo na milango mingi lazima viongozi wake wote wapite katika mlango mmoja.

Miaka miwili ya Kampala

Aliyemaliza Tabora na kutaka kuendelea alikuwa na mahali pamoja pa kwenda. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilipendekezwa na Tume ya De La Warr ya mwaka 1937 ipandishwe daraja kuwa chuo cha elimu ya juu cha Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na kuanzia hapo wanafunzi wake waliweza kutunukiwa shahada za London.

Lakini Makerere haikumpokea kijana wa Tabora moja kwa moja katika masomo ya shahada. Kwanza alisoma miaka miwili ya maandalizi, akichukua masomo machache kwa kina, ya sayansi au ya sanaa, kabla ya kuruhusiwa kuanza kozi ya shahada yenyewe. Kwa muundo na kwa kiwango, miaka hiyo miwili ndiyo kidato cha tano na cha sita. Haikuitwa hivyo, na kwa sababu hiyo haikuhesabiwa hivyo katika takwimu za shule. Mtafiti anayesoma takwimu za Tanganyika za miaka ya 1950 anakutana na pengo juu ya darasa la 12, naye hudhani kwamba hapakuwa na wanafunzi. Walikuwapo wachache. Walikuwa Kampala, katika vitabu vya nchi nyingine.

Njia ya kwenda huko ilikuwa ule mkono wa kaskazini wa barabara ya misafara, ukiwa sasa na reli hadi Mwanza na meli juu ya ziwa. Nyerere aliipita Januari 1943. Alitoka Makerere mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu, na kuanzia 1946 hadi 1949 alifundisha Tabora, si katika shule aliyosoma bali St. Mary's, shule ya Mapadri Weupe, ambako Padri Richard Walsh alikuwa kiongozi wake na msaada wake mkubwa. Aliyefika kileleni mwa elimu iliyopatikana Afrika Mashariki kwa wakati wake alikuwa bado hana shahada. Ilimbidi aende Edinburgh mwaka 1949 akaanze shahada ya kwanza, akaipata mwaka 1952, akiwa na miaka 30. Mwingereza wa umri wake angelikuwa ameimaliza hatua hiyo karibu miaka tisa kabla. Hapo ndipo gharama ya kilele kilichokatwa inapoonekana katika maisha ya mtu mmoja. Hakunyimwa elimu, alicheleweshwa, hatua kwa hatua, kwa utaratibu ambao kila ofisa angeweza kuutetea.

Ni haki kuongeza kwamba karibu na mji huo huo masomo ya juu ya sekondari yalikuwa yakifundishwa bila ya kungojea ruhusa ya serikali. Seminari kuu ya Kipalapala iliwafundisha waseminari Waafrika falsafa na teolojia tangu miaka ya 1920, baada ya miaka mingi ya Kilatini katika seminari ndogo. Kwa uzito wa masomo, mseminari wa Kipalapala alikuwa amekwenda mbali kuliko mwenzake wa shule ya serikali. Lakini elimu yake haikupimwa na Cambridge, hivyo katika ofisi ya serikali haikuwa na thamani ya cheti. Historia ya elimu iliyoandikwa kwa kufuata vyeti imemwacha nje, na hilo ni kosa lake yenyewe.

Cheti kilichokuja kwa meli

Halmashauri ya Mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianza kutahini shule za Uingereza mwaka 1858, na muda si mrefu ikaanza kupeleka mitihani yake ng'ambo. Waingereza walipoitawala Tanganyika, Cheti cha Shule na Cheti cha Juu cha Shule vilikuwa ndivyo vipimo vya makoloni mengi. Maswali yalitungwa Cambridge, majibu yakafungwa na kupelekwa Cambridge kusahihishwa, na mtahiniwa akangoja miezi kadhaa kujua kama miaka yake imehesabiwa.

Kuna jambo ambalo watafiti wachache wamelipa uzito linaostahili. Mwaka 1951 Uingereza yenyewe iliviacha vyeti hivi. Badala ya cheti cha mkupuo, ambacho mwanafunzi alikipata au kukikosa chote kwa pamoja, ulianza mtihani wa somo moja moja katika kiwango cha kawaida na kiwango cha juu. Aliyefaulu masomo matatu alikuwa na masomo matatu, hata kama ameanguka la nne. Ng'ambo, hata hivyo, Cambridge iliendelea na vyeti vya mkupuo. Kwa hiyo Tanganyika ilipoanzisha kidato cha tano na cha sita mwishoni mwa muongo huo, ilianzisha kitu chenye jina ambalo Uingereza ilikuwa imeliweka kando. Hii haikuwa nakala ya elimu ya Uingereza ya wakati ule. Ilikuwa nakala ya elimu ya Uingereza ya jana, na wanaoandika kwamba Tanganyika ilirithi mfumo wa Kiingereza wangepaswa kusema ni mfumo wa mwaka gani.

Sharti la lugha liliifanya tofauti hiyo kuwa kali. Katika Cheti cha Shule cha ng'ambo, aliyeanguka katika Kiingereza alikosa cheti kizima, hata akiwa bora katika hisabati na fizikia. Kwa kijana wa Tabora, ambaye masomo yake ya mwanzo yalikuwa kwa Kiswahili na ambaye nyumbani huenda alizungumza Kinyamwezi, Kiha au Kisukuma, sharti hilo lilikuwa lango ndani ya lango. Haijulikani kwa mtu anayesoma orodha ya waliofaulu ni wangapi walirudi kwao wakiwa wajuzi wa sayansi na wasio na karatasi ya kuonyesha.

Msamiati nao unasimulia. Madarasa ya sekondari yalihesabiwa kwa muda mrefu kama mwendelezo wa shule ya msingi, la tisa hadi la kumi na mbili, na watu wazima wa Unyamwezi wamesikika hadi zama za karibuni wakimtaja mtu kuwa amefika darasa la kumi na mbili au la kumi na nne. Neno kidato lilikuja kutawala baadaye. Kidato ni kipago cha ngazi, mahali pa kukanyaga wakati wa kupanda. Hesabu ya kwanza ilimwonyesha mwanafunzi jinsi alivyokwenda mbali. Ya pili ilimwonyesha jinsi alivyopanda juu.

Elimu kama sifa ya kupiga kura

Uzito wa madarasa haya haukuishia katika ajira. Mkutano Mkuu wa TANU wa Januari 1958, uliofanyika Tabora na unaokumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara, ulijadili kama chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sifa za mpiga kura zilikuwa elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kushika wadhifa uliotambuliwa. Kwa maneno mengine, ngazi ya shule ilikuwa imefanywa ngazi ya uraia. Mkulima wa Urambo ambaye aliilipia TANU ada ya kadi aliambiwa kwamba kura yake itapigwa na mwalimu wake.

Chama kiliamua kushiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuunda African National Congress. Wanahistoria wamelieleza tukio hilo kama ushindi wa hekima ya kisiasa, nao wana sababu. Hata hivyo, likisomwa kutoka upande wa elimu linaonyesha pia kwamba TANU ilikuwa na idadi ya kutosha ya watu wa darasa la nane na kuendelea kuweza kuubeba uchaguzi, na kwamba chama kilikubali, kwa muda na kwa manung'uniko, kwamba cheti kinaweza kusimama mahali pa mtu. Upanuzi wa haraka wa kidato cha sita baada ya 1961 unapaswa kueleweka ndani ya kumbukumbu hiyo. Viongozi waliofanya uamuzi huo waliijua thamani ya kipago cha juu kwa sababu walikuwa wameona jinsi kilivyotumiwa dhidi yao.

Zipo pia sababu za kiofisi. Nafasi za juu za utumishi zilikuwa mikononi mwa Wazungu, na kuzijaza kwa wananchi kulihitaji wahitimu. Chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Chuo kisicho na kidato cha sita nyuma yake kingekuwa jengo tupu.

Ufunguo unabadilisha mikono

Upanuzi ulizaa mgogoro wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga sharti la Jeshi la Kujenga Taifa kwa wahitimu, lililowataka pia wakatwe sehemu kubwa ya mishahara katika kipindi cha utumishi. Nyerere aliwafukuza mamia, akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa mawaziri. Andiko la Elimu ya Kujitegemea lilitoka miezi mitano baadaye, na si sahihi kulisoma bila ya tukio hilo. Lawama yake kwamba shule inamtenga kijana na jamii yake na kumfanya ajione bora ilikuwa imepata sura na majina.

Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967 ili kupokea kazi kutoka Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa mara ya kwanza karatasi za kidato cha sita zilitungwa na kusahihishwa nchini. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza afanye kazi, na apate mapendekezo ya chama na ya mahali pake pa kazi. Kuanzia 1976 kazi za darasani zilipewa nusu ya alama za mwisho, pamoja na tathmini ya mwenendo.

Ukilinganisha na majirani, Tanzania ilibadilisha mambo mengi kuzunguka kidato cha sita na kukiacha chenyewe kikiwa hai. Kenya ilikifuta kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Uganda ilikibakiza. Tanzania, iliyokuwa na maneno makali kuliko zote dhidi ya usomi wa kikoloni, ilibaki na miaka ile ile minne na miwili, masomo yale yale matatu makuu kwa kila mwanafunzi, na utaratibu ule ule wa tahasusi za sayansi na sanaa unaomtaka kijana wa miaka 17 aache kabisa nusu ya maarifa. Siasa iliongezwa katika ratiba. Shamba liliongezwa. Mgawanyo wa maarifa haukuguswa. Azimio la Musoma lenyewe, kwa kukiweka kipindi cha kazi kati ya kidato cha sita na chuo, lilirudisha kwa sura mpya ucheleweshaji ambao kizazi cha Nyerere kiliujua vizuri, na athari yake kwa wasichana ilionekana mapema kiasi kwamba mwaka 1976 waliondolewa katika sharti hilo.

Lugha ndiyo iliyobaki ngumu kuliko yote. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, iliyofanya kazi kati ya 1980 na 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza Januari 1985, kisha kipande darasa kwa darasa. Kwa hesabu hiyo kingefika kidato cha sita mwishoni mwa muongo. Serikali ilikataa. Januari 1985 ikafika, na wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza wakafundishwa kwa Kiingereza kama waliowatangulia. Somo la Kiswahili liliendelea kujibiwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari wa Tabora aliyetakiwa kueleza biashara ya masafa marefu, vita vya Mirambo na kifo cha Isike, mambo yaliyotukia mahali alipoweza kufika kwa miguu kutoka bwenini, aliyaeleza kwa Kiingereza, na katika chumba hicho hicho, siku nyingine ya mtihani, aliandika kwa Kiswahili insha kuhusu lugha ambayo wapagazi wa njia ile waliisambaza.